Maswali ya wasomaji: Mume amefariki barabarani, na watu wa bima wanataka sahihi yangu

Tangu tugusie ajali za barabarani toleo lililopita barua zimemiminika, nyingi zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti: mtu wetu amekufa kwa makosa ya mtu mwingine, tuna haki gani sisi tuliobaki? Nimechagua nne. Najibu kwa sheria ya Kenya maana wote wanne wako huku Pwani. Majina nimeyaondoa.

Mume wangu alikuwa fundi wa mawe, umri wake miaka 36. Alikuwa abiria kwa matatu akitoka kazini Mariakani, lori likawagonga, akafia hospitalini siku ya tatu. Tuna watoto watatu. Niko eda. Wiki ya pili baada ya mazishi alikuja mtu akasema ametumwa na bima, ana karatasi nisaini nipewe 400,000. Mashemeji nao wanasema mzee wao ndiye asaini maana ni baba wa marehemu, pesa ije kwa familia halafu kadhi agawe. Na kuna jambo lingine naona aibu kulisema, marehemu alikuwa na mke mwingine Mariakani na mtoto mmoja. Nifanye nini? — Mjane, Kisauni

Pole sana dada yangu, Mungu akupe subira. Nianze na hiyo karatasi. Usisaini, na mzee pia mwambieni asisaini. Inaitwa vocha ya dischaji, na ukiisoma vizuri utaona imeandikwa kwamba umelipwa yote na hutadai tena kitu chochote kwa mtu yeyote kuhusu kifo hicho. Ukishaiweka sahihi na kupokea pesa, kurudi nyuma ni kazi kubwa sana. Huyo jamaa hakuja wiki ya pili kwa bahati, wanajua wakati huo nyumba ina madeni ya hospitali na ya mazishi na 400,000 inaonekana kama mlima.

Tuipime hiyo 400,000 sasa. Sheria yetu ya ajali za vifo, ile Sura ya 32, haiulizi maisha ya mtu yana thamani gani, hilo hakuna korti inaweza. Inauliza marehemu alikuwa akileta nini nyumbani na angeendelea kukileta mpaka lini. Tuseme fundi wako alikuwa anapata 1,000 kwa siku na anafanya siku kama 22 kwa mwezi, hiyo ni 22,000. Mara miezi 12 ni 264,000 kwa mwaka. Hakimu sasa anachagua miaka, hachukui yote mpaka 60 maana maisha yana mambo yake, kwa mtu wa miaka 36 wa kazi ya mkono si ajabu kuona korti imetumia kama 18. Halafu anatoa sehemu ambayo marehemu mwenyewe angetumia kwa chakula chake na nauli yake na mambo yake, mtu mwenye mke na watoto kwa kawaida inahesabiwa theluthi mbili ndio ilikuwa inaenda kwa familia. Piga hesabu: 264,000 mara 18 mara theluthi mbili ni 3,168,000. Hakimu mwingine anaweza kushuka hapo, mwingine akapanda, lakini umeona tofauti na hiyo 400,000 ya kwenye vocha.

Utaniambia hakuwa na payslip. Mafundi wetu wangapi wana payslip? Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ilisema wazi kwamba karatasi si njia pekee ya kuthibitisha kazi ya mtu na kipato chake, la sivyo Wakenya wengi ambao hawaweki rekodi wangenyimwa haki yao. Lakini dada yangu hapo usilale, maana ukienda kortini na maneno matupu hakimu anaweza kuamua kutumia mshahara wa chini wa serikali na hesabu yote inashuka. Sasa uko eda hutoki, sawa, lakini kazi hii ni ya kukaa ndani. Toa stetimenti ya M-Pesa ya laini yake ya mwaka mzima na yako pia, ile ya kila jumamosi jioni anakutumia pesa ya matumizi inaonekana pale. Tafuta daftari la chama, kitabu cha sacco kama alikuwa nacho, risiti za karo, risiti za nyumba. Mwambie ndugu yako aende kwa kontrakta aliyekuwa akimpa kazi na kwa watu wawili watatu aliowajengea, waseme watakuja kutoa ushahidi, na awachukulie namba za simu sasa hivi kabla hawajahama. Kesi nyingi nimeziona zikipungua nusu hapa hapa, si kwa sababu sheria ni mbaya, ni kwa sababu familia ilidhani wakili ndiye anajua marehemu alikuwa analeta nini nyumbani. Wakili hajui, wewe ndiye unajua.

Mashemeji sasa. Kuna madai mawili ndani ya kesi moja na watu huyachanganya. La kwanza ni hilo la kutegemea, na Sura ya 32 inataja watu wake: mke, mume, mzazi na mtoto. Ndugu wa marehemu hawamo. Mzee yumo kama mzazi, na kama mwanawe alikuwa anamtumia kitu kila mwezi basi ana haki yake na aandikwe, usimnyime. Lakini hii si mirathi, hailetwi kwa familia igawanywe, korti yenyewe inasema mke apate kiasi gani, kila mtoto kiasi gani, mzazi kiasi gani. Fungu la watoto kawaida linawekwa mpaka wafike miaka 18.

Dai la pili liko chini ya sheria nyingine, Sura ya 26 (Law Reform Act), na hilo ni la mali ya marehemu mwenyewe: maumivu aliyoyapata zile siku tatu kabla ya kufa, na kupunguziwa umri wake wa kuishi. Pesa yake huwa ndogo, kwa umri wa kuishi korti nyingi zinatoa kama 100,000 au zaidi kidogo, kwa maumivu inategemea aliteseka muda gani. Hii ndio inaingia kwenye mirathi na hapa kadhi ana nafasi yake, kwa hivyo mashemeji hawakosei kabisa, wamekosea fungu tu. Na hata hapo kama marehemu ameacha mtoto wa kiume kaka zake marehemu hawarithi, waulizeni kadhi atawaambia. Gharama za mazishi pia zinadaiwa, weka risiti za sanda, gari na jeneza la hospitali kama lilikuwepo.

Na yule mke mwenzio. Najua inauma lakini muweke kwenye kesi. Kesi ya kifo kimoja ni moja tu, sheria haitaki kila mtu aje na yake, na walalamikaji wanatakiwa wataje wote waliokuwa wakimtegemea marehemu. Ukimficha atatokea, na atatokea siku pesa iko tayari kulipwa, na hapo mtakaa miaka mingine mkivutana huku mawakili wanakula. Mtoto wake ni mtoto wa marehemu sawa na wako, hata kama ndoa ina maneno.

Nani anafungua kesi? Anayefungua ni msimamizi wa mirathi, na kwa kazi hii hamhitaji ile hati kubwa ya mirathi yote, mnaomba ile ya muda ya kufungulia kesi tu, mawakili wanaiita ad litem. Mtahitaji cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja mke, watoto na wazazi, vyeti vya kuzaliwa na cheti cha ndoa. Kama mashemeji watakimbia kuchukua hati hiyo halafu wakakaa kimya, sheria imeliona hilo: miezi sita ikipita tangu kifo na msimamizi hajafungua kesi, wewe unayefaidika unaruhusiwa kufungua mwenyewe.

Upande wa kushtaki, mume wako alikuwa abiria, hana kosa lolote, kwa hivyo wakili awashtaki wote wawili, mwenye lori na mwenye matatu na madereva wao, waulizane wenyewe nani alikosa. Chukua abstrakti ya polisi, ile karatasi fupi ya ripoti ya ajali, ina namba za magari, jina la bima na namba ya mkataba wa bima. Halafu rekodi ya umiliki wa gari kutoka NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, maana bila hiyo mwenye gari atasema aliuza kitambo. Wakili pia lazima atume notisi kwa kampuni ya bima kabla ya kesi au ndani ya siku chache zilizowekwa na sheria baada ya kuifungua, muulize ameituma na akuonyeshe nakala. Na ujue bima ya lazima ya gari hailipi zaidi ya milioni 3 kwa mtu mmoja, korti ikitoa zaidi ya hapo ile ya juu inatoka mfukoni mwa mwenye gari, na kumpata mwenye gari mwenye kitu mfukoni ni hadithi nyingine.

Ndugu yangu mdogo aligongwa na lori la kampuni Likoni akiwa anavuka. Hakuwa na mke wala mtoto, lakini mama yetu yuko Kwale na yeye ndiye alikuwa akimlisha. Tulikuwa tunangoja kesi ya trafiki iishe kwanza, dereva akaachiliwa mwezi jana. Sasa ni miaka miwili na miezi minane. Kwani kesi imekwisha? — Kaka mkubwa, Likoni

Haijaisha lakini umebakiwa na miezi minne kaka, soma hii ukiwa umesimama. Muda wa kufungua kesi ya namna hii ni miaka 3 tangu siku ya kifo, na kesi ya trafiki haisimamishi hiyo saa hata dakika moja. Sijui nani alieneza kwamba lazima ungoje trafiki, nimeisikia kwa watu mpaka kwa askari. Shukuru tu lori lilikuwa la kampuni, gari la serikali ungekuwa umechelewa zamani maana kuishtaki serikali kwa kosa kama hili ni miezi 12.

Dereva kuachiliwa si mwisho. Trafiki inataka ushahidi usio na shaka, madai yanataka tu ionekane kuna uwezekano mkubwa kuliko upande wa pili kwamba alikosa. Dereva angepatikana na hatia ingekusaidia sana, hiyo ni kweli, maana korti ya madai ingeichukua hatia hiyo kama ilivyo. Sasa mtahitaji shahidi aliyeona. Na mjiandae, watasema marehemu alivuka vibaya, korti inaweza kumbebesha asilimia fulani ya kosa na fidia inakatwa kwa asilimia hiyo hiyo. Kama alivukia kwenye zebra au kulikuwa na matuta pale, kapigeni picha leo kabla barabara haijachimbwa tena.

Wewe kama ndugu huna fungu kwa ile ya kutegemea, mwenye fungu ni mama. Unaweza kuwa msimamizi mama akikubali, na kwa vile yeye ni mtu mzima wa Kwale ndani huko pengine ndio itakuwa rahisi. Kijana asiye na mke korti nyingi zinasema alikuwa anatoa theluthi moja ya kipato kwa wazazi, mkiweza kuonyesha alikuwa anatoa zaidi onyesheni, na miaka watakayohesabu wataangalia pia umri wa mama, si wa kijana peke yake. Usitegemee mamilioni.

Ukitoka hapo nenda kwa wakili kesho, hati ya muda ya mirathi mkiikimbiza hupatikana mapema, lakini si siku moja na ofisi za korti mnazijua.

Mume wangu aliangukiwa na magunia kwenye godauni alikokuwa kibarua wa mwezi, mshahara 18,000. Mwajiri amelipa mazishi na kunipa 100,000, anasema tumemalizana na nisimshtaki kwa kuwa mume wangu ndiye aliyepanga magunia vibaya. — Mama watatu, Changamwe

Kweli kumshtaki kortini kama kesi ya ajali ya barabarani huwezi, lakini sababu si hiyo aliyokupa. Kifo cha kazini kiko kwenye sheria yake, ile ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, watu wanaiita WIBA, na Mahakama ya Juu Desemba 2019 ilithibitisha kwamba njia ni hiyo. Uzuri wake ni kwamba hutakiwi kuonyesha mwajiri alikosa. Awe alipanga yeye magunia au alipanga shetani, amekufa akiwa kazini, basi.

Fidia ya kifo ni mapato ya miezi 96. Kwa 18,000 hiyo ni 1,728,000. Kwa hivyo hiyo 100,000 mshukuru kwa ubani, lakini hamjamalizana. Nenda ofisi ya usalama na afya kazini ya serikali, ile ya DOSH, Mombasa ipo, uliza kama mwajiri aliripoti kifo. Wengi hawaripoti. Ripoti wewe, na usipitishe miezi 12. Beba cheti cha kifo, ripoti ya daktari ya upasuaji wa maiti, na chochote cha kuonyesha alikuwa analipwa pale, kama kadi ya kazi, M-Pesa ya mshahara, au wenzake wa zamu. Mkurugenzi wa DOSH akiamua na hukuridhika una siku 60 za kupinga, baada ya hapo ni korti ya kazi.

Mmoja aliniandikia chini chini kwamba broka alimfuata mochari akamwambia kuna wakili anachukua asilimia 30 ukishinda, usiposhinda hulipi. Kenya makubaliano ya kulipa ukishinda tu hayaruhusiwi, ada ya wakili ina jedwali lake, na wakili kutuma watu mochari kutafuta wateja ni kosa. Ingia kwenye tovuti ya chama cha mawakili uangalie kama jina lake lipo na ana leseni ya mwaka huu. Andikianeni ada mapema. Na pesa ikilipwa itapita kwenye akaunti ya wakili, dai karatasi ya hesabu yote, imelipwa ngapi na amekata ngapi, asipotoa kuna tume ya malalamiko dhidi ya mawakili pale kwa Mwanasheria Mkuu na hawalipishi kupeleka malalamiko.

Mwanangu alikuwa na miaka 9, darasa la tatu. Aligongwa na pikipiki ya bodaboda akitoka madrasa. Watu wananiambia mtoto hana fidia kwa sababu hakuwa akileta kitu nyumbani. Sitaki utajiri, nataka tu mtu aseme kwamba alikuwa mtu. — Mama, Kilifi

Mama, barua yako nimeisoma mara tatu.

Hao watu wamekosea. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba kwetu huku, kwa Mwafrika na kwa Muhindi pia, mzazi anapokuwa na mtoto mwenye afya huwa na tumaini la kwamba atakuja kumtunza, na tumaini hilo likikatwa lina fidia hata kama mtoto alikuwa mdogo. Haihesabiwi kwa mshahara, hakimu anatoa jumla moja kwa kuangalia umri, afya na masomo yake. Huwa si kubwa kama ya mtu mzima, nisikudanganye.

Mambo ya abstrakti, hati ya muda na ile miaka 3 ni kama niliyowajibu dada wa Kisauni na kaka wa Likoni. Bodaboda lazima iwe na bima, tafuta stika yake ilikuwa ya kampuni gani, na ujue jina la mwenye pikipiki maana mara nyingi anayeiendesha si yake. Kwa mtoto beba cheti cha kuzaliwa, ripoti za shule, kadi ya kliniki, na umuombe mwalimu wake na ustadhi wa madrasa waje waseme alikuwa mtoto wa namna gani. Uliandika pia kwamba jumamosi alikuwa anakusaidia kuuza mabuyu pale stendi. Mwambie wakili aiweke hiyo kwenye stetimenti yako, kwa maneno yako, na aliuza mpaka saa ngapi.